Ploti ya Campo: Doo Ianzie Geti, Msanii Atangoja

Kila semista ikifunguka, status za WhatsApp zinajaa maposta. Culture night hapa, bash ya mafresha pale, Mista na Misi Campo wiki ijayo, open mic kila Alhamisi. Na posta zinakuwanga kali, sitadanganya. Rangi inawaka, sura ya msanii iko katikati, DJ amevaa miwani, halafu huko chini kabisa, kwa herufi zenye lazima uvute simu karibu na macho, ndio unaona saa na mahali. Hiyo posta inakuonyesha penye doo imeenda. Mimi nikiiona nakuwanga na swali moja tu: na geti, nani anasimamia?

Nimekaa kwa kamati za hizi ploti. Nimebeba viti, nimesimama geti na stampu, nimepigia wasee wa spika simu asubuhi mapema kabla hawajaamka. Na kitu naamini ni hii: sherehe ya wanafunzi inashikiliwa na vitu zenye hakuna msee hupiga picha. Sauti. Milango. Foleni. Maji ya kunywa. Vile dem wa first year atafika keja usiku. Hizo ndio zinafaa kulipwa kwanza, doo ikiwa bado iko. Msanii alipwe na kenye imebaki.

Piga hesabu hapa na mimi. Mko na hall ya watu 800, tiketi ni soo mbili. Mkiuza zote mnapata 160,000. Msanii mwenye jina anataka 120,000, na nusu anaitaka kabla hajatoka kwake. Mmebaki na forty thao ya spika, jenereta, viti, maji, wasee wa Red Cross, chakula ya wachezaji na usafi wa asubuhi. Haiwezi tosha. Sasa mtafanya nini? Mtakodi spika za harusi ya watu hamsini, mtaacha jenereta, geti mtawekea mabeshte wawili wenye hata hawajakula. Wasee wa kamati hunishow jina kubwa ndio huuza tiketi, na ni ukweli, linauza. Lakini wenye tunawauzia ni watu wetu, tunakaa nao darasani Jumatatu. Tuko na deni yao ya kuwarudisha keja wakiwa fiti.

Wacha nichukue culture night ndio tuelewane, juu hiyo ndio ploti naipenda kuliko zote na ndio ngumu kupanga. Kenyatta University (KU) wako na culture week yenye inajulikana sana, na campo zingine mob ziko na zao. Jukwaa moja, usiku mmoja, unapitisha isukuti, mwomboko, kilumi, ohangla, chakacha ya wasee wa Pwani, dhaanto ya Wasomali, Wamaasai wakiruka hadi unashika roho. Nje kuna meza za dishi: omena, mursik, mukimo, muthokoi, pilau, mahamri. Hii si kaburudani tu ya kumaliza wikendi. Isukuti ya Isukha na Idakho iliandikwa na UNESCO mwaka wa 2014 kwa ile orodha ya urithi wenye unahitaji kulindwa haraka. Haraka, juu wenye wanaijua wanazeeka na vijana wanakuja mjini. Sasa fikiria mfresha mwenye amezaliwa Umoja, akalelewa Umoja, shags ni Kakamega na anaendanga tu Disemba. Siku ya kwanza anaskia zile ngoma tatu zikipigwa mbele yake na wasee wa rika yake, wenye wanasoma uhandisi na yeye, hiyo kitu inamuingia. Nimeona msee amesimama kando ya ukuta na machozi, na hakuwa anaaibika.

Na campo ndio mahali vitu kama hizi huanzia. Mwaka wa 1962, Uganda ikisherehekea Uhuru, wanafunzi wa Makerere ndio walipandisha mchezo wa The Black Hermit kwa National Theatre pale Kampala. Mwenye aliandika ilikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi. Miaka mitatu baadaye, 1965, Makerere wakaanzisha kikundi cha kuzunguka na michezo bure, wanaingia kwa basi wanapeleka tamthilia hadi kwa watu wenye hawajawahi ona ukumbi, na University of Nairobi (UoN) pia wakakuja kuwa na yao miaka ya 1970. Redykyulass, wale waliofanya Kenya mzima icheke Moi kwa TV wakati kumuiga rais haikuwa mchezo, walikuwa makomredi wa KU. Hakuna mtu alikuwa amewaweka katikati ya posta. Walipewa jukwaa na maiki yenye inaskika. Kwa hivyo ukiniambia culture night bila msanii wa nje haiwezi jaza hall, nitakuuliza kama umeskia wenye wako kwa hosteli yenu.

Sasa kazi yenyewe.

Kitu ya kwanza ni tarehe, na wengi huichagua vibaya. Usiweke ploti wiki ya CAT. Usiweke wikendi yenye kila mtu anaenda nyumbani. Angalia mvua: Machi hadi Mei ni masika, Oktoba hadi Disemba ni vuli, na culture night yenye meza za dishi ziko nje haitaki hiyo miezi bila hema. Halafu kuna Helb, ule mkopo wa wanafunzi. Kila msee wa campo anajua tofauti ya wiki yenye Helb imeingia na wiki yenye watu wanakula strungi na mandazi. Kama tiketi ni ya kulipa, ngojea iingie. Kama huwezi ngoja, punguza bei, usilaumu watu ati hawapendi utamaduni.

Ya pili ni barua. Ofisi ya masuala ya wanafunzi itataka kujua nani, wapi, saa ngapi, watu wangapi, na ni mwalimu gani anasimama na nyinyi. Pelekeni mapema, na msipeleke na tumbo joto. Wale maofisa wameona ploti zikiharibika miaka mob kuliko umri wenu, na wakiuliza swali ngumu kuhusu usalama wako na sababu. Bukini hall kwa maandishi, na mtu wa stima na mtu wa funguo mpate majina na namba zao, si namba ya ofisi. Ofisi inafungwa saa kumi na moja. Funguo ndio mtahitaji saa tano usiku.

Kama mnataka kutembea na ngoma barabarani kabla ya shoo, hapo sheria ya Public Order inaingia: notisi kwa polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Enda stesheni na nakala mbili, moja wapige muhuri urudi nayo. Na msisahau majirani. Kanuni za NEMA za kelele, za 2009, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja. Kuna watoto wanalala kwa zile nyumba za hapo nyuma ya campo, na kuna mgonjwa. Anzeni mapema ndio mmalize mapema. Muziki wa DJ pia uko na leseni yake chini ya sheria ya hakimiliki, kwa hivyo ulizeni kama campo tayari iko nayo kabla hamjalipa nyingine.

Doo ikae kwa Till ya M-Pesa ya klabu. Hii nitaisema polepole. Isikae kwa simu ya mweka hazina, hata kama ni msee mwaminifu kuliko wote. Simu ya mtu iko na fuliza, iko na deni ya keja, iko na mathe mgonjwa Bungoma. Ukiweka pesa ya tiketi zote hapo, unamweka kwa mtihani wenye hakuomba, na siku moja atakopa thao tano akisema atarudisha Jumatatu. Till ya klabu iko na rekodi, na watu wawili wanaweza iangalia. Geti pia itawasaidia, juu kuna wasee wanakujanga na meseji ya M-Pesa yenye wameiandika wenyewe. Usisome simu ya mgeni. Angalia simu ya Till: jina liko, pasi. Halipo, simama kando kidogo tuangalie. Bila matusi, juu saa zingine ni mtandao tu umelala.

Sauti ndio itakula muda wenu, na inafaa. Nimehudhuria ploti yenye msichana aliandika shairi ya Kiswahili safi kuhusu babake, akaikariri bila karatasi, na kutoka safu ya tano ya viti kurudi nyuma hakuna mtu aliskia neno moja. Aliinama akashuka. Watu walipiga makofi ya huruma. Hiyo haikuwa shida yake. Kamati ilikuwa imeweka spika nyuma ya maiki, maiki ikaanza kulia, fundi akashusha sauti hadi chini ili isilie. Spika zikae mbele ya jukwaa, zikiangalia watu, na maiki ikae nyuma ya spika. Kitu rahisi hivyo.

Na jua ala zako. Ngoma za isukuti haziombi maiki kwa hall ya kawaida, ukiziwekea utaumiza watu masikio. Nyatiti nayo iko na nyuzi 8 na sauti yake ni ya ndani, ya karibu; bila maiki iliyoinamishwa hadi pale kwa ngozi, wenye wako nyuma wataona tu mkono ukicheza. Kayamba iko katikati. Sasa kama fundi wa sauti anakutana na hivi vikundi mara ya kwanza saa ya shoo, atafanya nini? Kila kikundi kipate dakika kumi mchana, hall ikiwa tupu, wapige wimbo moja, fundi aandike namba zake kwa karatasi. Na akumbuke hall tupu inarudisha sauti kuliko hall iliyojaa watu, kwa hivyo usiku atapandisha kidogo. Fundi mwenye anakataa kuja mchana, usimchukue. Afadhali wa bei juu kidogo mwenye atatokea saa sita na nyaya zake.

Jenereta. Watu wa kamati hunishow "stima ya campo haipoteangi." Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya mzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA watu wakakaa giza. Ilikuwa Ijumaa usiku, saa yenyewe ya ploti. Jenereta ikae hapo, iwe na mafuta, na iwe imewashwa mchana na spika zote juu yake, si kuiskiza tu ikinguruma peke yake. Kama doo haitoshi kukodi, basi angalau muwe na taa za betri kwa kila mlango na kipaza sauti cha mkono. Watu wakikaa giza, sauti moja ya kuwatuliza ndio kitu ya maana.

Na hapo ndio nafika kwa geti na milango, mahali roho yangu iko.

Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa na magaidi Chuo Kikuu cha Garissa. Siku kumi baadaye, usiku wa kuamkia Jumapili, kulitokea mlipuko wa stima pale kampasi ya Kikuyu ya UoN. Haikuwa shambulizi. Lakini makomredi walikuwa wamelala na ile hofu ya Garissa, wakafikiri ni wao sasa wamefikiwa. Wakakimbia gizani, wengine wakaruka kwa madirisha. Mwanafunzi mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakaumia. Novemba ya huo mwaka, pale Chuo Kikuu cha Strathmore, kulifanywa zoezi la usalama lenye watu waliamini ni shambulizi la kweli. Wakaruka kutoka juu, na mfanyakazi mmoja wa chuo akapoteza maisha. Kikuyu na Strathmore hakukuwa na gaidi. Kulikuwa na watu wengi, mlio, na hakuna mtu anajua aende wapi.

Ukipanga ploti, hiyo ndio kitu unabeba. Kwa hivyo enda hall wiki moja kabla, mchana, uhesabu milango. Fungua kila moja na mkono wako. Kuna zenye ziko na kufuli tangu zamani na mwenye ufunguo hajulikani; hiyo mlango haipo, usiihesabu. Kuna zenye zimewekewa meza nyuma. Kuna zenye zinafunguka kuingia ndani, na watu wakisukumana hazitafunguka. Siku ya shoo, kila mlango usimamiwe na msee mmoja, mwenye kazi yake ni mlango tu. Asicheze, asiende kuchukua soda. Mpe mtu wa kumpokea baada ya saa moja. Na MC, kabla kitu kingine chochote, aonyeshe watu milango kwa kidole: huu hapa, ule pale, ule nyuma. Sekunde thelathini. Ndege hufanya hivyo kila siku na hakuna abiria hulia ati imeboo.

Watu wangapi? Hall ya 800 si ya tiketi 800. Vikundi vinane vya watu ishirini na tano ni watu 200 kabla hujauza tiketi moja, na wao pia wanataka kukaa waone wenzao. Uza 550, uwaachie nafasi wao, wageni na kamati, halafu geti ikiwa imejaa, imejaa. Hapo ndio utapata shida, juu beshte yako atakuja na mabeshte wake sita. Mwambie hapana. Huyo msee wa geti anafaa kuwa mtu mwenye anaweza sema hapana na bado mkasalimiana kesho. Nikichagua kamati, huyo ndio namchagua kwanza, kabla hata ya mwenyekiti.

Foleni nayo ni hesabu. Kama kukagua mtu mmoja ni sekunde 15, laini moja inapitisha watu 240 kwa saa. Watu 550 kwa laini moja ni zaidi ya saa mbili za kusimama kwa baridi, na hapo nyuma watu wataanza kusukuma. Fungua laini tatu, imeisha kwa dakika 46 hivi. Masoja wa campo wakague mifuko, mademu wakaguliwe na mademu, na laini ya tatu iwe pana ya kutosha wheelchair ipite bila kuomba watu wasonge. Kama mlango wa mbele uko na ngazi tu, tafuta mlango wenye hauna, na uandike kwa posta ni upi. Kuna komredi mwenye hajawahi tokea kwa ploti yoyote tangu first year juu hakuna mtu aliandika huo mstari mmoja kwa posta.

Red Cross wako na vikundi vyao ndani ya campo nyingi. Waiteni. Wakae mahali panaonekana, wawe na njia ya kutoka hadi kwa gari bila kupita katikati ya watu. Kila mtu wa kamati awe na 1199 kwa simu, hiyo ni laini ya dharura ya Red Cross, na 1195 ya mtu akidhulumiwa kimapenzi ama kupigwa. Muweke hizo namba kwa ukuta wa vyoo vya mademu pia. Na maji ya kunywa yawe ya bure. Mtu amecheza kilumi kwa joto ya hall iliyojaa hafai kulipa finje ndio asizimie.

Saa. Tumejizoesha ati posta ikisema saa nane, watu waje saa kumi, shoo ianze saa kumi na mbili. Mimi hiyo nimeikataa. Inaibia mtu mwenye alikuja kwa wakati, na mara nyingi huyo ndio mwenye anakaa mbali, mwenye anataka kuwahi mat ya bei ya mchana. Anza kwa saa yenye uliandika hata kama kuna watu arobaini. Weka kikundi chenye nguvu kabisa kiwe cha kwanza. Wenye walichelewa wataskia ngoma wakiwa kwa foleni, na semista ijayo watakuja mapema.

MC awe msee wenu, mwenye anajua majina ya vikundi vyenu na anaweza yatamka. Hiyo inauma sana, mtu anapanda jukwaani na nguo ya nyanya yake halafu jina la ngoma yake linatamkwa ovyo na watu wanacheka. Hakuna utani wa kabila, hata ule wenye kila mtu huzoea. Culture night ni ya kumfanya kila mtu ajivunie kwao, na MC mmoja anaweza haribu kazi ya miezi mitatu kwa sentensi moja.

Na mheshimiwa. Ataletwa, na mtu wa kamati, na ahadi ya mchango. Akija akaribishwe kwa heshima, apewe kiti mbele, apewe dakika tano baada ya kikundi cha pili, na ratiba aione kabla hajaketi. Mkimuweka mwisho, atakuja na msafara saa ya kilele, vikundi vitatu vitakatwa, na wale watoto waliofanya mazoezi usiku baada ya darasa wataenda kulala na nguo zao kwa mfuko. Mchango wowote hauwezi lipa hiyo.

Dishi sitabonga sana. Waiteni wamathe wa mtaani wenye hulisha makomredi mwaka mzima kwa chapo-madondo, muwape meza bila kuwatoza, na wanafunzi wenye wanajua kupika ya kwao wasimame nao. Bei iandikwe. Mahali pa kunawa mikono pawe karibu.

Picha nazo zimekuwa maneno mazito. Sheria ya kulinda data ni ya 2019, na mwaka wa 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti sura ya mteja bila ruhusa yake. Sura ya msee ni yake. Weka tangazo kubwa hapo geti ati kuna kamera, toa kibandiko cha kushika kwa nguo kwa mwenye hataki kuonekana, na mpiga picha aheshimu hicho kibandiko. Wachezaji waulizwe kabla, mmoja mmoja, hasa wenye wamevaa nguo za kiasili zenye kwa mtandao zinaweza chukuliwa na watu wabaya.

Halafu kuna kurudi keja, na hapa kamati nyingi zinakuwanga zimeshaishia. Shoo ikiisha saa tatu usiku kwa barabara ya Thika, nauli imepanda, giza imeingia, na nusu ya watu wenu wanakaa nje ya campo, Wendani, Sukari, ama Juja huko. Bonga na sacco ya mathree mapema, wawekee nganya mbili tatu steji ya geti kwa bei mmekubaliana, na ile bei iandikwe kwa posta. Wenye wanatembea watembee kwa vikundi, na kila kikundi kiwe na mtu wa kamati mwenye atatuma meseji akifika. Mwenyekiti alale baada ya meseji ya mwisho. Hiyo sheria niliikuta kwa kamati moja ya wasichana, na tangu niione siwezi kubali ploti bila hiyo.

Asubuhi mnafagia. Si wafanyakazi wa campo, ni nyinyi, na mkimaliza hall iwe safi kuliko vile mliikuta, juu ile ofisi yenye mtaenda tena semista ijayo inaona. Siku tatu baadaye hesabu ibandikwe kwa ubao: tiketi ngapi, doo ngapi, ilienda wapi, imebaki ngapi. Hadi soo mbili ya sukuma wiki iandikwe. Vikundi vipate asante yao, hata kama ni barua tu na nauli. Na muandike namba za fundi wa sauti, mtu wa jenereta, mathe wa chapo, msee wa sacco, mpatie kamati yenye inakuja. Ninyi mtamaliza campo, lakini mfresha wa leo ndio atapanga ya mwaka kesho kutwa, na sasa hivi anaanzia zero juu hakuna mtu alimuachia daftari.

Kwa hivyo makomredi wenye mko kwa kamati hii semista: kabla mtume deposit ya msanii, beba kalamu, enda hall yenu mchana, fungua kila mlango na mkono wako. Mkipata moja imefungwa, tafuteni ufunguo kwanza.